Elimu ya Mkono

Watu wengi wakitaja elimu hukumbuka kichwa tu. Husifu kichwa kinachohifadhi tarehe na hesabu, wakasahau kwamba mkono nao huenda shule. Mtoto ashikaye kalamu mara ya kwanza anaijua herufi anayotaka kuiandika. Jicho lake limeiona ubaoni na ulimi wake umeitamka. Walakini mkono wake huandika kitu kingine kabisa. Kati ya kujua na kuweza pana safari, na safari hiyo haina njia ya mkato. Nataka kusimulia safari moja ya namna hiyo, niliyoianza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilipoamua kujifunza kupiga banjo.

Nyumbani kwetu ni Kianjokoma, katika nchi ya Embu, juu ya miteremko ya Mlima Kenya. Ni mahali pa ardhi nyekundu, mito ya maji baridi na ukungu mwingi. Chini yetu watu hulima kahawa; kadiri unavyopanda kuelekea msitu, kahawa hupungua na chai hushika nchi yote, ikawa kama zulia la kijani lililotandikwa juu ya vilima. Mimi ni mkulima wa chai, mwana wa wakulima wa chai. Tangu nilipokuwa na umri wa miaka tisa mkono wangu umefanya kazi moja: kubana kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kuvunja majani mawili na kichipukizi chake, kutupa kikapuni, kisha kubana tena. Mchuma chai hurudia kitendo hicho mara elfu nyingi kwa siku. Hahitaji kukifikiri. Mkono umekwisha kufuzu.

Banjo niliipata mwaka 2022 kwa mchuuzi wa vitu vikuukuu mjini Embu. Ilikuwa imetundikwa kati ya redio mbovu na miavuli, nyuzi mbili zimekatika, nayo imejaa vumbi. Mchuuzi mwenyewe alidhani ni gitaa la mtoto. Msomaji ambaye hajapata kuiona banjo na aitazame hivi katika fikira zake: ni ngoma ndogo ya duara, iliyowambwa upande mmoja, yenye shingo ndefu ya mti kama ya gitaa. Juu ya shingo hiyo pana vyuma vidogo vilivyolala kimkingamo mfano wa mataruma ya reli. Nyuzi zake ni tano. Nne hutoka mwisho wa shingo hadi kwenye ngoma. Lakini ya tano ni fupi, haifiki mwisho. Kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, katika chuma cha tano, kama mtu aliyepanda gari njiani baada ya wenzake. Uzi huo mfupi ndio roho ya chombo, nami nitaueleza mahali pake.

Yapasa niseme kwa nini nilikitaka. Mama yangu wakati ule alikuwa na umri wa miaka 84. Alikuwa na nyimbo nyingi ambazo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyezijua: nyimbo za palizi, za harusi, za kumbembeleza mtoto, na nyimbo za kuchimba. Hizi za kuchimba alizijua tangu ujana wake, katika miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mwaka 1954 watu wa Embu, kama wenzao wa Ugikuyu na Meru, waliondolewa katika mashamba yao wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa kwa askari. Watu walishurutishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu wa Mlima Kenya, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate chakula kutoka kwa ndugu zao. Mama alikuwa msichana wa miaka 16. Alichimba pamoja na wanawake wengine, nao waliimba, maana jembe la kulazimishwa ni zito kuliko jembe la hiari, na wimbo hulipunguza uzito.

Sasa pumzi yake ilikuwa fupi. Alianza wimbo vizuri, kisha alinyamaza katikati ili avute pumzi, na alipotaka kuendelea maneno yalikuwa yamekwisha kumtoroka. Alitikisa kichwa akacheka, lakini niliona kuwa kicheko hicho kilikuwa na majonzi ndani yake. Nilijua kwamba nyimbo hizi zilikuwa na nyumba moja tu duniani, nayo ni kifua chake. Nilitaka chombo cha kumshikia wimbo wakati yeye anapumua, kama mtu amshikiaye mzee mkono apandapo ngazi.

Nilipoileta banjo nyumbani majirani walicheka. Walisema nimenunua chombo cha Wazungu, kwa kuwa sauti yake waliijua katika muziki wa kantri wa Marekani, unaopendwa sana katika sehemu zetu na kupigwa redioni. Nami nilidhani vivyo hivyo, mpaka nilipotafuta habari zake. Hapo nilikutana na jambo lililonistaajabisha, na ambalo kila kijana wa Afrika yafaa alijue.

Banjo ni mjukuu wa Afrika. Watu wetu waliotekwa utumwani upande wa magharibi wa bara hili na kuvushwa bahari hawakuchukua mzigo, kwa kuwa hawakuruhusiwa mzigo. Lakini walichukua maarifa yaliyokuwa mikononi mwao. Huko ugenini walitafuta kibuyu, wakakikata, wakakiwamba ngozi, wakakitia mti na nyuzi. Daktari mmoja mzaliwa wa Ireland, Hans Sloane, alikwenda Jamaica mwaka 1687, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1707 alionyesha picha za vinanda vya namna hiyo vya watumwa. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba chombo hiki Waafrika walikileta kutoka kwao. Baadaye, katika karne ya 19, Wazungu walijipaka masizi usoni wakakipiga katika michezo ya kuwadhihaki watu weusi, na watu weusi wengi wakakichukia chombo kilichogeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia. Hivyo mjukuu alisahau babu yake, na babu akasahau mjukuu.

Lakini babu hakufa. Katika nchi za Senegali, Gambia na Gine-Bisau wako watu waitwao Wajola, wenye kinanda kiitwacho akontingi: kibuyu kilichowambwa ngozi, shingo ndefu ya mti, na nyuzi tatu, moja yake fupi, ipigwayo kwa kidole gumba. Mtafiti mmoja wa Gambia, Daniel Laemouahuma Jatta, alikichunguza chombo hicho kwa miaka mingi, na karibu na mwaka 2000 aliwaonyesha wapenzi wa banjo huko Marekani. Waliotazama mkono wake walishangaa, kwa sababu namna Wajola wapigavyo kwa kushusha ukucha ndiyo namna ile ile ya wazee wa milima ya Marekani. Namna hiyo ndiyo niliyoazimia kujifunza. Siku hizi imepata heshima tena. Mwanamuziki mweusi Rhiannon Giddens ameifanya isikike duniani, hata katika wimbo wa Beyoncé uliotoka Februari 2024. Na ukumbi wetu wa Afrika Mashariki haukosi jamaa wa mbali wa ukoo huu, kwani katika pwani ya Waswahili kiko kibangala, kinanda chenye tumbo la ngozi kilichokuwa maarufu kabla udi haujatawala.

Basi niliingia shule. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa jirani yangu, mpiga gitaa mzee aliyezoea kuimba katika harusi. Hakupata kushika banjo, lakini alijua nyuzi. Kwanza tulitafuta nyuzi mbili zilizokosekana. Tulinunua nyuzi nyembamba za gitaa, tukaondoa kitufe kidogo kilicho mwisho wa kila moja, ikabaki kitanzi cha kufungia. Kisha alinifundisha kuzilinganisha. Mwanafunzi aimbaye katika kwaya ya shule atafahamu mara moja nikisema kwa sauti za sol-fa: uzi wa nne ni so ya chini, wa tatu ni do, wa pili ni mi, wa kwanza ni so, na ule wa tano, ulio mfupi, ni do ya juu. Ukizipiga zote bila kugusa kitu kwa mkono wa kushoto, hupatana kama watoto wa nyumba moja. Anayeanza hupewa upatanifu huu bure kabla hajaufanyia kazi, na zawadi hiyo humtia moyo sana.

Jirani yangu hupiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kwa namna iliyoenezwa na magwiji kama Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, ukasikika Afrika nzima. Katika gitaa la namna hiyo gumba hushika sauti nene za chini, na kidole cha shahada huimba juu. Vidole viwili hubana na kuvuta, kubana na kuvuta. Kazi hiyo mkono wangu wa chai uliipenda siku ile ile. Lakini banjo ya kushusha ukucha hukataa jambo hilo. Gumba hapa halikai chini. Limepewa uzi wenye sauti ya juu kuliko zote. Na kidole cha shahada hakivuti uzi kwa kuubana. Hushuka juu yake kwa mgongo wa ukucha.

Nitaeleza kwa utaratibu, ili anayependa aweze kujaribu. Keti wima, ngoma ya banjo iwe juu ya paja la kulia, na shingo iinuke kidogo upande wa kushoto. Ukunje mkono wa kulia kwa ulegevu kama mtu aliyeshika yai, vidole vikae pamoja. Sasa ushushe mkono mzima kutoka kifundo cha mkono, usivinyooshe vidole kuutafuta uzi. Ukucha wa kidole cha shahada upige uzi mmoja, tuseme wa tatu. Kila mkono unaposhuka, gumba nalo hutua juu ya uzi wa tano na kupumzika hapo. Hilo ni pigo la kwanza, nalo ni refu. Kisha mkono uinuke, ushuke tena, safari hii ukucha upapase nyuzi za chini zote kwa pamoja, na gumba litue tena mahali pake. Hilo ni pigo la pili, nalo ni fupi. Mkono unapoinuka kujitayarisha upya, gumba lililokuwa limelala juu ya uzi wa tano huuachia, na uzi huo hulia wenyewe. Hilo ni pigo la tatu, nalo ni fupi kama la pili. Hesabu yake ni hii: moja, mbili-na, moja, mbili-na. Sauti yake ni hii: tum, ta-ka, tum, ta-ka.

Hayo ndiyo yote. Msingi mzima wa mtindo huu ni mapigo matatu hayo, na kichwa chochote chaweza kuyaelewa kwa dakika tano. Mkono wangu uliyahitaji majuma saba.

Kila jioni, baada ya chai kupimwa kituoni na ng'ombe kukamuliwa, nilikaa barazani nikajaribu. Niliuambia mkono ushuke, nao ulishuka. Lakini ulipofika kwenye uzi kidole kilijikunja, kikaubana pamoja na gumba na kuuvunja kama kichipukizi cha chai. Niliuambia tena, ukabana tena. Katika simu niliwatazama wapigaji wa nchi za mbali kila mtandao ulipopatikana, nikaona mikono yao ikipanda na kushuka kama mabawa ya ndege atuaye. Niliyaona waziwazi waliyoyafanya, na kuona hakukunisaidia. Miaka 35 ya kuchuma ilikuwa imelala katika vidole vyangu, nayo haikuwa tayari kuamshwa na kuambiwa ihame.

Baridi nayo haikunisaidia. Mwezi wa Julai kwetu ni mwezi wa kipupwe. Jua laweza kufichwa siku nyingi mfululizo, na vidole hufa ganzi. Zamani, banjo zilipowambwa ngozi halisi, unyevu kama huo ungeilegeza ngozi hata sauti ikawa nzito kama ya ngoma ambayo haijaanikwa motoni. Yangu ina wambo wa plastiki, kama zilivyo nyingi tangu miaka ya 1950, kwa hiyo haikulegea. Kilichokuwa kigumu ni mkono peke yake.

Mama alikuwa akinisikiliza kutoka jikoni, karibu na moto. Hakusema neno kwa majuma mengi. Jioni moja alitoka na mkongojo wake, akaketi karibu nami, akautazama mkono wangu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe unachuma."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama, mkono umezoea hivyo."

"Basi uache mkono wa chai," akasema. "Chai ilikuja juzi. Kabla ya chai tulikuwa na jembe. Jembe halibani. Hupanda, hushuka kwa uzito wake, huvuta kidogo, hupanda tena. Hebu lima."

Aliinua mkono wake uliokunjamana akanionyesha hewani: juu, chini, vuta; juu, chini, vuta. Ilikuwa tum, ta-ka. Aliufuata mwendo ule bila kuhesabu, kwa kuwa aliujua tangu mwaka 1954, na huenda mama yake aliujua kabla yake. Nikafumba macho nikafikiri shamba la mahindi chini ya nyumba yetu, na ardhi iliyolainishwa na mvua. Nikauacha mkono ushuke kwa uzito wake kama jembe. Uzi ukalia. Mkono ulipopanda, gumba likauachia uzi mfupi, nao ukalia juu ya wenzake, mwembamba na mtulivu. Niliyarudia mapigo yale mara kumi, kisha mara mia, mama akitikisa kichwa kwa kukubali.

Vijana wasomao maneno haya wasidhani ya kuwa nilifuzu usiku ule. Kesho yake mkono ulirudia kuchuma, na kesho kutwa pia. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na neno la kuuambia ambalo uliweza kulifahamu. Kila ulipobana niliuambia, "Lima," nao ulitii zaidi kidogo kuliko jana. Bandu bandu huisha gogo. Mwalimu mwema hamtupii mwanafunzi jambo geni kutoka mbali. Hutafuta kwanza kitu ambacho mwanafunzi anacho tayari, akalifungia jipya hapo, kama mtu aungaye kamba kwa kamba. Mkono wangu ulikuwa na jembe ndani yake, umelisahau tu.

Mapigo yalipotulia niliongeza mkono wa kushoto, nao ulinichukua mwezi mwingine. Kwa anayeanza mambo mawili yatosha. La kwanza ni kugonga: piga uzi wa tatu ukiwa wazi, useme do, kisha angusha kidole cha mkono wa kushoto kwa nguvu juu ya chuma cha pili cha uzi ule ule, nao utasema re bila kupigwa tena. La pili ni kubandua: bana uzi wa kwanza katika chuma cha pili, upige, useme la, kisha bandua kidole hicho kwa kuuvuta kidogo, nao utasema so. Ukijumlisha hizo pamoja na nyuzi zilizo wazi, unapata do, re, mi, so na la. Sauti tano! Mtu aliyezoea vitabu vya muziki ataona huo ni umaskini. Lakini nyimbo nyingi za mama hazihitaji zaidi ya hizo. Nilikuwa nimekwisha kupata mali yote niliyoihitaji, nami sikujua mpaka nilipoihesabu.

Likaja jaribio lenyewe. Nililegeza nyuzi zote kwa kiasi kimoja, kwa sababu sauti ya mama ilikuwa imeshuka kwa uzee. Nikaanza mwendo, tum, ta-ka, bila wimbo wowote. Mama akasikiliza, akaanza wimbo wa kuchimba. Aliimba ubeti wa kwanza, kisha pumzi ikamwishia mahali pale pale pa siku zote. Akanyamaza. Mimi sikujaribu kumwimbia wala kumkumbusha. Niliendelea kulima juu ya nyuzi zilizo wazi, na uzi mfupi ukaendelea kulia do yake ile ile, do yake ile ile, kama taa iliyowekwa dirishani kwa ajili ya mtu aliye njiani. Mapigo manane yakapita, kisha mengine manane. Kisha mama akavuta pumzi akaingia katika ubeti wa pili, na maneno yalikuwapo. Akafika wa tatu. Akafika wa nne, ambao mimi sikupata kuusikia maishani mwangu, wenye majina ya wanawake waliochimba pamoja naye na neno la dhihaka kwa msimamizi wao.

Alipomaliza alikaa kimya, mikono mapajani. Kisha akasema, "Hiki chombo kina subira." Hakusema zaidi, akaomba chai.

Tangu jioni hiyo nimeandika katika daftari nyimbo 11 za mama, maneno yake na sauti zake za sol-fa, na binti yangu aliye kidato cha pili amezirekodi katika simu. Watoto waliokuwa wakicheka sasa hukaa barazani wakiimba viitikio. Mpaka leo mimi si mpigaji hodari. Wako watu wanaojua kushusha gumba katika nyuzi za ndani, na kulinganisha banjo kwa namna nyingi, na kukimbia kama farasi. Nawatazama kwa furaha, na yamkini siku moja nitafika walipo. Lakini kazi iliyonipeleka kwa mchuuzi wa Embu mapigo matatu yameweza kuifanya.

Nimeyafikiri mambo haya mara nyingi nikiwa katikati ya chai, na nawaachia vijana fikira zangu. Kwanza, msiogope kuwa wanafunzi wa jambo dogo. Mtu hupenda kuruka msingi kwa kuwa hauna sifa. Hakuna asifiwaye kwa tum, ta-ka. Walakini jambo dogo ulilolijua barabara laweza kubeba uzito ambao mambo makubwa kumi yaliyojulikana nusunusu hayawezi kuubeba. Mama hakuhitaji ustadi wangu. Alihitaji mwendo usiokatika, na mwendo usiokatika ni tunda la msingi.

Pili, kitu kisidharauliwe kwa sababu kimekuja kutoka mbali, wala kisiabudiwe kwa sababu hiyo. Kiulizeni kilikotoka. Yawezekana kilitoka kwenu kabla hakijaenda kwa wengine, na kimerudi kimevaa nguo nyingine. Banjo ilivuka bahari katika mikono iliyofungwa minyororo, ikadhihakiwa, ikasahauliwa, ikatundikwa kati ya redio mbovu sokoni. Na mwisho ilitambuliwa na mwanamke mzee wa Kianjokoma ambaye hakupata kuliona jina lake limeandikwa. Aliitambua kwa mwendo wa jembe.

Tatu, na hili ndilo nililokusudia kulisema tangu mwanzo, wazee wetu wana elimu ambayo haimo katika vichwa vyao tu bali imo mikononi mwao. Ukimwuliza bibi yako maswali, huenda akasema hakumbuki. Mpe kazi aliyoizoea, au mpigie mwendo alioufanyia kazi ujanani, kisha usubiri. Usimharakishe, wala usimjazie maneno kinywani. Shika mwendo wako kwa uaminifu, mapigo manane, na mengine manane, mpaka pumzi yake irudi.